Muzee Kanyanga wa Kituo cha Mafuta

Vijana wanaotia sauti filamu katika kile chumba kidogo cha mtaa wa Katindo, hapa Goma, wameniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyofanyika kabla yao. Wanataka, wamesema, historia ya kazi. Nimewajibu kwamba kazi yetu haina historia, ina makoo yaliyokauka tu. Lakini daktari amenikataza kupaza sauti maisha yangu yote yaliyobaki, ukumbi wetu wa mtaa wa Mabanga umekuwa ghala la simenti, na mwanamke asiye na kazi huishia kuhesabu misumari ya dari. Basi ninaandika. Nitaeleza mikrofoni, nitaeleza jenereta, nitaeleza namna ya kuufanya mti uongee. Kisha nitaeleza jambo moja ambalo hawakuniomba. Linamhusu Papa Déo, aliyenifundisha kazi, na mjane wake, Mama Riziki. Mama Riziki anauza unga kwenye soko dogo, hatua mia moja kutoka kwangu, na miaka hii yote ananisalimu vizuri kwa sababu hajui. Nimejiwekea sharti: karatasi hizi hazitatoka nyumbani kwangu kabla yeye hajasikia kwa mdomo wangu.

Kwa asiyejua, ukumbi wa video, au salle kama tulivyoiita, ulikuwa banda la mbao juu ya mawe ya volkano, televisheni moja kubwa, baadaye projekta na shuka jeupe, na watu waliobanana kwenye mabao ya kukalia. Filamu zilikuja zikiongea Kiingereza. Mkalimani aliketi pembeni na mikrofoni, picha inakwenda, naye anaeleza kwa Kiswahili nani anasema nini. Hatukuandika kitu kabla. Na niwaambie ukweli mapema: sikujua Kiingereza. Nilijua neno la kukimbia, neno la kusimama, na matusi matatu ambayo nisingeyasema mbele ya padri. Mengine niliyasoma kwenye nyuso za watu. Hata hivyo Mabanga nzima iliniita Mama Interprète, yaani Mama Mkalimani, na hakuna aliyewahi kudai nirudie darasa.

Siku ya kwanza sikuitafuta. Nilikuwa nauza tiketi mlangoni, na pembeni nina beseni langu la mandazi. Mkalimani wa wakati ule alikuwa ameondoka kwenda Kampala bila kuaga, filamu imeanza, watu wanapiga mabao kwa miguu. Papa Déo akatoka nyuma jasho likimtiririka. Yeye ndiye alikuwa mtu wa mashine: jenereta, nyaya, picha, vyote vilikuwa vyake. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kibovu, anayekohoa kila akivuta kamba ya jenereta, na alivaa koti zito hata jua likichoma. Alinipa mikrofoni iliyovishwa soksi.

"Kavira, weye unasemaka sana. Ingia."

"Papa Déo, miye sijue Kiingereza."

"Bale banaangalia nabo habajue. Nani atakushitaki?"

Filamu yenyewe ilikuwa ya vijana sita wa mjini, nguo safi, gari jipya, wanaingia msituni na mahema. Wanatupa chupa mtoni. Wanakata mti mchanga ili picha yao itoke vizuri. Wanawasha moto na kulala bila kuuzima. Kisha msitu unaanza kuwachukua mmoja mmoja, mizizi miguuni, matawi shingoni. Sikujua walichokuwa wakisema, basi niliwatia maneno ambayo mimi ningesema. Msichana alipomtazama mvulana kwa jicho bovu, nikasema anamuuliza kwa nini hakumwambia mama yake kwamba wanakuja huku. Watu wakacheka. Niliendelea hivyo hadi mwisho, na nilipotoka nikakuta mandazi yangu yote yameliwa na hakuna anayejua ni nani.

Mwenye ukumbi, mfanyabiashara wa Butembo ambaye hakuangalia filamu hata moja maisha yake yote, aliona upesi kwamba Mabanga inapenda filamu za namna hiyo kuliko za bunduki. Vita tulikuwa navyo bure. Lakini mtu mwenye nyumba ya matofali, mwenye kitanda, anayekwenda kulala porini kwa hiari na kuadhibiwa na nyuki au na mto, huyo alikuwa kitu kipya. Papa Déo aliandika majina kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, majina tuliyoyatunga sisi, Pori Imekataa, Nyuki Hawasamehe, na mabao yakajaa.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa mwanamke aliyekimbia kutoka Masisi, anayeishi kambini chini ya turubai. Jirani alimleta apumzishe kichwa. Mahema yalipotokea kwenye shuka, akauliza kwa sauti kubwa:

"Bale ni bakimbizi ba wapi?"

Salle nzima ikageuka kumtazama. Nikamjibu kwa mikrofoni, maana sikuwa na njia nyingine. "Apana, mama. Baliacha nyumba zabo beneye. Beko mu congé, banapumuzika."

"Beneye?"

"Beneye."

Aliinuka akafunga kitenge chake. Alisema wanaoacha nyumba zao kwa hiari wana wazimu, na wazimu wa mtu si kitu cha kukaa na kutazama. Akatoka. Baadaye Papa Déo aliniambia niwe na akili. Tangu siku hiyo, nikiona mama wa kambini kwenye mabao, wale vijana wangu wa mjini walikuwa wamekimbia vita kama watu wengine wote, na hakuna aliyenyanyuka tena.

Sasa vifaa, kwa sababu najua ndivyo mnavyongoja. Soksi kwenye mikrofoni ilizuia mate na pumzi, na ilibidi ifuliwe kila Jumapili, la sivyo Jumatatu unapumua watu wote ulioigiza wiki nzima. Karibu na miguu yangu kulikuwa na fungu la majani makavu ya migomba, ya kufikicha msitu unapotembea. Kulikuwa na kibao cha kugonga mfupa unapovunjika. Kulikuwa na chupa ya maji ya tangawizi. Mti haukuongea kwa pumzi ya kutoka. Mti uliongea kwa pumzi ya kuingia, unavuta hewa na kusema hapo hapo, sauti inatoka kama mlango wa zamani. Kitu hicho hakuna mkalimani mwingine wa Goma aliyekiweza. Ndicho pia kilichoniua koo, kwa hiyo msijaribu.

Papa Déo hakujua kusoma vizuri, lakini alijua salle. Alikaa nyuma ya mashine yake na kutazama visogo vya watu. Kisogo kikianza kugeuka, alisema, umeshampoteza mtu huyo. Na visogo viligeuka daima mahali pale pale: mwanzoni. Kila filamu ya namna hii ina mtu wa kuonya. Vijana wanasimama kununua mafuta ya gari, na pale kituoni yupo mzee mchafu, jino moja, anawaambia wasipite. Anasema sana. Anaonyesha mlima kwa kidole. Hakuna anayekufa bado, kwa hiyo watu wanaanza kutafuta mandazi.

"Ule muzee analeta usingizi," Papa Déo aliniambia. "Umutie pombe."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Muzee Kanyanga. Kanyanga ni ile pombe kali ya magendo, mnaijua, msijifanye. Kila mzee wa kuonya, katika kila filamu, awe Mzungu, awe Mchina, nilimpa sauti ile ile ya kulegea na kwikwi, na maneno yale yale: "Batoto ba muji! Muende tu, mutanikuta hapa!" Chochote alichokuwa anasema kweli, mimi nilisema anaomba chupa, au analia juu ya mke aliyemtoroka. Watu walivunjika mbavu. Walianza kuja mapema ili wasimkose. Papa Déo aliyemtunga alicheka kuliko wote, kila siku, hadi kikohozi kimkamate na mtu ampige mgongoni.

Muzee Kanyanga akatoka salle akaingia mtaani. Mama akimwambia binti yake asipite njia fulani, binti anajibu, "Mutanikuta hapa!" Mkuu wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, alipopita na kipaza sauti kuomba kila nyumba iandae mfuko mmoja wa vitu, maana mlima wa volkano ulio juu ya mji haukuwa na tabia nzuri mwaka ule, watoto walimfuata wakipiga kwikwi. Wakubwa nao walicheka. Mimi nilisimama mlangoni mwangu nikaona fahari. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndilo.

Mtu mmoja tu alinikosoa. Alikuwa mlinzi wa mbuga, kazini Rumangabo, aliyekuja akiwa likizoni. Baada ya filamu alinisubiri nje, kofia mkononi, kwa adabu.

"Mama, minapenda kazi yako. Ila ile sauti ya pori, ile kukasirika. Pori haikasirikake."

"Inafanya nini basi?"

"Haituone ata."

Nilimshukuru, nikarudi ndani kuufanya mlima ungurume. Pori lisilotuona halijazi mabao.

Miaka ikapita. Simu zikaja, kadi za kumbukumbu zikaja, watu wakaanza kubeba salle mfukoni. Sisi tuliendelea na wachache. Papa Déo alizeeka ghafla, kifua kikazidi, lakini hakukubali mtu mwingine avute kamba ya jenereta. Kisha mlima ukatoa moto.

Lava ya mara hiyo ilisimama kabla ya kufika kwetu, na tulidhani tumepona. Lakini ardhi ikaanza kutetemeka, siku baada ya siku, nyufa zikafunguka barabarani, na asubuhi moja tukaambiwa tutoke mjini. Mama Riziki alikuwa amekwenda kwao, mji mdogo wa Kiwanja, kununua maharage. Papa Déo akabaki peke yake, kwa hiyo akatembea nasi, watu wa avenue yetu, kwenye barabara ya Sake, katikati ya mji mzima uliokuwa unatembea. Hebu niwaambie watu wa mjini walibeba nini. Mmoja alibeba pasi ya makaa. Mwingine saa ya ukutani, inayokwenda. Papa Déo alibeba projekta imefungwa blanketi, akaacha chakula. Mimi nilibeba mikrofoni ndani ya soksi yake. Kila mara nilipotazama nyuma niliona filamu yangu mwenyewe inanifuata, ila bila mahema.

Alasiri tulifika kwenye mashamba kabla ya Sake, miguu imekwisha. Kando ya barabara kulikuwa na kibonde kidogo, hakizidi upana wa salle yetu. Ndani yake hapakuwa na upepo, na ardhi yake ilikuwa na joto zuri. Majani ya humo yalikuwa yamekauka, na kila upande wa juu palikuwa kijani. Niliona hilo. Niliona, nikatandika mkeka.

Ndipo akaja mama mmoja wa pale, mtu mzima, jembe begani, viatu vya plastiki. Alisimama ukingoni akaongea kwa Kihunde. Alionyesha kibonde kwa kidole, kisha akaonyesha juu. Watu wetu ni Wanande, ni watu wa Rutshuru, hakuna aliyemwelewa. Mtu akapaza sauti:

"Mama Interprète! Utafsiri!"

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na sitaki kulizungusha. Mabanga wananijua Munande, kwa jina la baba. Lakini mama yangu alikuwa Muhunde, tena wa huko huko Sake. Alikufa nikiwa msichana, na Kihunde ni lugha aliyonigombeza nayo, aliyoniogeshea nayo. Hakuna mtu wa Mabanga aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimsikia yule mama tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Alichosema kilikuwa onyo. Sitaliandika hapa. Mtu wa kwanza kulisikia kwa Kiswahili ni lazima awe Mama Riziki.

Watu walikuwa wamenikodolea macho. Siku tano walikuwa hawajacheka. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akilia tangu tulipopita Mugunga bila kujifuta. Na pale ukingoni alisimama kizee, ananyoosha kidole, anaonya: ningewezaje kukosa kumwona Muzee Kanyanga? Nikashika kiuno, nikalegeza magoti.

"Batoto ba muji!" nikasema. Kwikwi. "Anasema muende tu, mutanikuta hapa! Anasema kama hamuna kanyanga, basi mumuachie ile saa!"

Kicheko kile sijawahi kukipata ndani ya salle. Yule mwanamke wa kulia alicheka. Papa Déo alikaa chini akishika kifua, machozi yanamtoka, anasema, "Kavira, utaniua." Ndivyo alivyosema, na mimi nilifurahi.

Yule mama hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama mimi peke yangu. Akarudia maneno yake, polepole, namna mtu anavyomrudia mtoto. Nadhani alijua kwamba nimemwelewa. Lugha ya mama ikikugusa, uso husema. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Aksanti, mama." Akapandisha jembe begani akaenda zake.

Nimetafuta visingizio kwa miaka, na nimevipata vingi. Nilidhani anatetea shamba lake la maharage tusilikanyage. Nilidhani nitawaambia baadaye, wakishamaliza kucheka. Lakini ninyi vijana mpime jambo hili moja: kabla jua halijazama nilikunja mkeka wangu nikahamia juu, karibu na barabara. Nilisema ni kwa sababu ya mbu. Miguu yangu ilimtii yule mama, mdomo wangu ukakataa.

"Papa Déo," nilimwambia, "upande juu na miye."

"Kule kuko upepo. Kifua yangu itakataa."

Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mzee wetu, watu wakamwachia mahali pazuri, chini kabisa, penye joto, kama inavyopasa. Wao wakalala kando kando, juu juu. Mtu akafunga kuku wake karibu na miguu ya Papa Déo ili asipotee. Nikasema, "Basi sawa." Ni maneno ya mwisho niliyomwambia.

Asubuhi, jua limeshatoka, alikuwa amelala ubavu, koti limefungwa vifungo vyote, projekta kichwani pake. Hakuwa na jeraha. Kuku naye alikuwa amelala ubavu. Mwanamume aliyeinama kumwamsha alianguka kwa magoti, macho yamegeuka, tukamvuta kwa shati. Ndipo neno likapita kwa watu: mazuku. Kila mtu wa Goma amelisikia. Ni hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Haina rangi, haina kelele, na anayeinama ndani yake hainuki. Tulilisikia kama tunavyosikia habari za ng'ambo, kitu cha mashamba, si cha watu wa Mabanga. Hakuna kilichonguruma usiku ule. Hakuna tawi lililosogea. Pori halikutuona hata.

Watu wa pale walikuja na kamba, wakangoja upepo upite, wakamtoa. Yule mama alikuwa nao. Alimfunika uso kwa kitambaa chake mwenyewe. Kwangu hakugeuka.

Katika kilio, Mama Riziki alikuwa ameketi kwenye mkeka, nami nikimpa chai. Wale tuliokuwa nao walikuwa wamemweleza habari kama walivyoijua: mama mmoja alikuja, akasema Kihunde, hakuna aliyeelewa, Mama Interprète akatuchekesha kidogo, Mungu ambariki. Akanishika mkono.

"Kama kungekuwa ata mutu mumoja tu wa kusikia Kihunde," aliniambia.

Nikamwongezea sukari. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini mimi nilikuwa ninaendelea kuyamwaga.

Salle ilifunguliwa tena. Katika filamu ya kwanza vijana walisimama kununua mafuta, mzee akatokea, watu wakajiweka sawa kwenye mabao. Mdomo wangu haukufunguka. Yule mzee alisema maneno yake yote kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza nilimtazama uso. Alikuwa anaogopa. Hakuwaogopa wale vijana, aliogopa kwa ajili yao. Watu walipiga kelele wakidai Kanyanga wao, nikasingizia koo. Tangu siku hiyo kila alipotokea nilisingizia koo, na baada ya muda koo likachoka kusingiziwa likaugua kweli. Daktari anasema ni vinundu, vinatokana na kuvuta pumzi ukiongea. Sikubishana naye.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Ninyi sasa mna kompyuta, mnaweza kurudia sentensi mara kumi, mnaweza hata kujua Kiingereza. Sina la kuwafundisha ila hili. Mkimfikia yule mzee wa kituo cha mafuta, msimtie pombe. Visogo vikigeuka, viache vigeuke. Mwacheni aseme alichokuja kusema.

Niliandika hadi hapo nikaweka kalamu, na asubuhi ya leo nimekwenda sokoni. Mama Riziki alikuwa peke yake na magunia yake, anasawazisha unga kwenye kopo kwa kijiti.

"Mama Riziki, niko na neno."

"Ikala."

Nikaketi kwenye gunia. Sauti yangu siku hizi ni kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta, kwa hiyo aliinama anisikie.

"Ule mama wa Sake. Ule wa Kihunde. Miye nilimusikia."

"Wote mulimusikia."

"Apana. Nilisikia maana. Kihunde ni luga ya mama yangu."

Kijiti kilisimama. Nilimweleza yote, salle, Kanyanga, kicheko, mkeka niliouhamisha. Sikujitetea kwa maharage wala kwa mbu. Nilipomaliza alikuwa anatazama unga.

"Alisemaka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kofi, hata kwa msamaha, ambao ningeuogopa zaidi. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Nikafumba macho nikamtafuta yule mama ukingoni, jembe lake, viatu vyake, nikatafsiri kwa sauti iliyobaki, bila kuongeza, bila kupunguza.

"Alisema: 'Hapo munatandika, mbuzi zetu hazilalake. Muamuke, mupande juu.'"

Aliinama zaidi, akitega sikio.

"Endelea."

"Imeisha."

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo tu."

Mteja alikuwa amefika, anasimama na mfuko wake wazi. Mama Riziki aliutazama unga uliokuwa kwenye kopo, akaurudisha wote guniani, akaanza kupima upya.

"Ilikuwa fupi," akasema. Na baadaye, bila kuniangalia: "Ilikuwa fupi sana, Kavira."